Sanamu Kubwa za Nje: Nani Hasa Anayezitengeneza?

Kila sanamu kubwa ya chuma inaposimamishwa uwanjani, mabishano huwa yale yale. Mmoja anauliza fedha zote hizo zimeishia wapi. Mwingine kaona picha za wachomeleaji wakiwa juu ya jukwaa la mabomba, naye anauliza: kama hawa ndio walioijenga, huyo msanii alifanya nini hadi jina lake peke yake liandikwe kwenye kibao? Wa tatu anafunga mjadala kwa kusema siku hizi kompyuta ndiyo inayofanya kazi yote.

Maswali hayo ni ya haki. Kinachotuchanganya ni picha tuliyonayo kichwani: mchongaji mmoja, patasi moja, gogo moja. Sanamu yenye kimo cha jengo la ghorofa tano haizaliwi hivyo.

Mwaka 1962 msanii wa Marekani Tony Smith alinyanyua simu akaagiza mchemraba wa chuma wenye futi sita kila upande, yaani kama mita 1.83, kutoka kampuni ya kuchomelea vyuma ya Newark, New Jersey. Kampuni hiyo ilikuwa na bango la barabarani lililojinadi kwamba mteja ataje anachotaka, wao wataunda. Mchemraba huo, alioupa jina Die, leo unahesabika miongoni mwa kazi muhimu za uchongaji wa karne ya 20. Wanaobeza sanaa ya aina hii hupenda kuutaja kama ushahidi kwamba msanii hafanyi lolote. Mimi naona unaonyesha jambo jingine. Mchemraba ni umbo linaloweza kusomwa kwa simu: nyuso sita zilizo sawa, kipimo kimoja, basi. Mkunjo wa bega au bawa linaloinama kidogo mbele havisomeki kwa simu. Umbo likiwa gumu kulieleza, msanii na kiwanda hulazimika kukaa meza moja kwa miezi, na huko mezani ndiko sanamu inakotengenezwa kwa kiasi kikubwa.

Nani ni nani

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Modeli ni sanamu ndogo ambayo msanii anaitengeneza kwa mkono wake, kwa udongo, nta, mbao, kadibodi au bati, ili kuonyesha umbo analolitaka. Mhandisi wa miundo ndiye anayepiga hesabu za uzito, upepo na msingi, na saini yake ndiyo inayobeba dhamana ya kisheria kwamba kitu hicho hakitamwangukia mtu. Karakana ni kiwanda kinachokata, kukunja, kuchomelea na kung'arisha. Vingine vimejengwa kwa ajili ya sanaa tu; vingine kazi yao ya kila siku ni madaraja, matangi au meli.

Kuna pia michoro ya karakana. Hii si michoro ya msanii. Ni michoro inayochorwa na kiwanda chenyewe, ikionyesha kila bamba, unene wake, kila tundu la boliti, kila mshono wa kuchomelea na mpangilio wa kuunganisha. Msanii na mhandisi huipitia na kuiidhinisha kabla chuma hakijakatwa. Mtu akikuambia mradi wa sanamu umechelewa miezi minne, mara nyingi ni hapa ulipokwama, wala si kwenye moto wa kuchomelea.

Maneno mawili ya mwisho ni kiunzi na ngozi. Fikiria mwamvuli: vyuma vyake ni kiunzi, kitambaa ni ngozi. Sanamu nyingi kubwa zimejengwa hivyo, zikiwa na mifupa ndani inayobeba mzigo na mabamba membamba nje yanayoonekana. Nyingine zina ngozi nene inayojibeba yenyewe. Kuchagua kati ya njia hizo mbili ni uamuzi wa kwanza mkubwa ambao msanii hawezi kuufanya peke yake.

Kukuza umbo si kupuliza puto

Watu wengi hudhani kwamba modeli ikishakamilika, kazi iliyobaki ni kuikuza. Chukua modeli yenye kimo cha sentimita 50, ikuze hadi mita 10. Kimo kimeongezeka mara 20. Eneo la ngozi limeongezeka mara 400, kwa sababu 20 mara 20 ni 400. Ujazo umeongezeka mara 8,000. Kama modeli hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 2 na ungeikuza jinsi ilivyo kwa mada ile ile, ungepata tani 16. Na vifundo vya miguu vinavyobeba uzito huo vimenenepa kwa kipimo cha eneo tu, mara 400. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya kifundo sasa inabeba mzigo mara 20 ya ule wa awali. Modeli iliyosimama kwa raha juu ya meza, ikikuzwa bila kubadilishwa chochote, inaweza kuvunjika miguu kabla upepo haujavuma.

Halafu kuna jicho. Kosa la milimita 1 kwenye modeli linakuwa sentimita 2 kwenye sanamu. Alama ya kidole gumba kwenye udongo inageuka mfereji. Je, msanii aliikusudia au ilimponyoka? Kifaa cha kupima kwa miali ya leza hakijui. Kinanakili vyote viwili kwa uaminifu ule ule. Ndiyo maana hoja ya "kompyuta inafanya yote" haifiki mbali. Vichwa viwili vya farasi vya The Kelpies huko Falkirk, Scotland, vyenye kimo cha mita 30 na uzito wa tani kama 300 kila kimoja, vilianzia kwenye modeli za mita 3 ambazo msanii Andy Scott alizitengeneza mwenyewe. Ndipo zikapimwa kwa leza na kupelekwa kwa wahandisi. Kompyuta ilipokea maamuzi ambayo mikono ilikuwa imeshayafanya.

Zamani, kabla ya leza, walipanda ngazi. Sanamu ya Uhuru ya New York, kazi ya Mfaransa Auguste Bartholdi, haikurukwa kutoka udogo hadi ukubwa kwa hatua moja. Kulikuwa na modeli ya mita 2.85, ikakuzwa mara nne hadi karibu mita 11.5, kisha hiyo ikagawanywa vipande na kila kipande kikakuzwa mara nne tena kwa plasta. Juu ya plasta mafundi seremala walijenga kalibu za mbao, na ndani ya kalibu hizo mabamba ya shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4 yakagongwa kwa nyundo mpaka yakashika umbo. Kila ngazi ilimpa Bartholdi nafasi ya kurekebisha kitu ambacho hakikuonekana kwenye ngazi iliyotangulia. Karakana nzuri za leo hufanya vivyo hivyo: modeli ndogo, kisha ya kati, kisha kipande kimoja cha ukubwa kamili, labda mkono au ukingo, kinachosimamishwa uani ili msanii akitazame kutoka chini na kutoka mbali. Anayeruka ngazi hizo ili kuokoa fedha huzilipa baadaye, tena kwa chuma kilichokwisha kukatwa.

Na suala la mikono ya watu wengine halikuanza na simu ya Tony Smith. Auguste Rodin alimtegemea fundi Henri Lebossé kukuza na kupunguza kazi zake kwa mashine, na viwanda vya kusubu kuzigeuza shaba nyeusi (bronzi). Hakuna anayesema sanamu hizo si za Rodin.

Upepo ndio mteja mkali

Uzito unashuka chini, na chini kuna ardhi. Upepo unasukuma ubavuni. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unakandamiza bamba lililosimama wima kwa nguvu inayokaribia kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Kasi ikiongezeka mara mbili, hadi kilomita 144, nguvu haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne, hadi karibu kilo 100. Bamba la mita 10 kwa 10 hapo linasukumwa na tani 10, na sehemu kubwa ya msukumo huo iko juu, inafanya kazi kama mtu anayening'inia kwenye ncha ya mtaimbo mrefu. Msingi ndio unaopaswa kukataa kung'oka.

Angel of the North ya Antony Gormley, iliyosimamishwa Gateshead, Uingereza, mwezi Februari 1998, ina kimo cha mita 20 na mabawa yenye upana wa mita 54. Mabawa hayo ni ukuta mtupu mbele ya upepo. Sanamu ina uzito wa tani 200, lakini uzito huo peke yake haukutosha kuizuia isipinduke, hasa kwa kuwa ardhi ya pale chini imetobolewa na machimbo ya zamani ya makaa ya mawe. Nguzo za zege zilishushwa takriban mita 20 hadi kwenye mwamba, na sanamu ikafungwa kwa boliti 52, kila moja ikiwa na urefu wa mita 3. Wahandisi waliipigia hesabu za upepo unaozidi kilomita 160 kwa saa.

Angalia mbavu zake. Mwili wa sanamu ile una mbavu nene zinazotokeza nje, zikipita kutoka miguuni hadi kwenye mabawa. Ndizo kiunzi chenyewe, kikiwa kimewekwa nje badala ya ndani. Hitaji la mhandisi lilikubaliwa na msanii likawa sura ya kazi. Mchongaji wa Marekani Alexander Calder naye alifanya hivyo miaka mingi kabla: modeli zake za bati zilipokuzwa na kiwanda cha Biémont huko Tours, Ufaransa, mabamba makubwa yalianza kuyumba na kuhitaji mbavu za kuyakaza. Calder hakuzificha. Alishiriki kuamua zipite wapi, na leo ukitazama kazi zake kubwa, mbavu na safu za boliti ni sehemu ya uzuri wake.

Hatari nyingine ya upepo haionekani kwenye hesabu ya msukumo. Kitu chembamba na kirefu, kama mwiba au nguzo, hukata upepo na kuacha vizingia, yaani mizunguko ya hewa, vinavyozaliwa kwa zamu, kulia na kushoto. Zamu hizo zikilingana na mwendo wa asili wa kile kitu kutikisika, kinaanza kucheza chenyewe hata kwenye upepo wa kawaida. Kinachochosha chuma ni kurudiwarudiwa, kama waya unaoupinda huku na huku mpaka unakatika bila kutumia nguvu nyingi.

Manchester walilijua hilo kwa gharama. B of the Bang ya Thomas Heatherwick ilikuwa na miiba 180 ya chuma na kimo cha mita 56. Ncha ya mwiba mmoja ilianguka Januari 2005, siku sita kabla ya uzinduzi. Miiba mingine ikabidi iondolewe baadaye, kesi ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2008 kwa pauni milioni 1.7, na mwaka 2009 sanamu yote ikabomolewa.

Chuma gani?

Cor-Ten ni jina la kibiashara la chuma chenye shaba, kromi na nikeli kidogo ndani yake. Kinashika kutu, halafu kutu yenyewe inagandamana na kuwa ngozi ngumu inayozuia kutu zaidi. Ndicho kilichotumika kwa Angel of the North na kwa sanamu ya Picasso iliyozinduliwa Chicago tarehe 15 Agosti 1967, yenye kimo cha mita 15.2 na tani kama 147.

Hapa kuna imani potofu inayogharimu watu kila mwaka: kwamba chuma hiki kinajitunza popote. Ngozi ile inajijenga kwa kulowa na kukauka kwa zamu. Maji yakituama, au majani yakirundikana kwenye kona, au chumvi ya bahari ikikifikia kila siku, haifungi. Kutu inaendelea kula mpaka bamba linatoboka kutoka ndani. Na katika miaka ya kwanza mvua huchuruzisha maji ya kahawia, yanayoacha michirizi kwenye zege au mawe ya chini. Dawa yake ni rahisi ikifikiriwa mapema: usiache mfuko wowote usio na tundu la kutolea maji, weka mteremko kwenye kila uso wa juu, na zunguka msingi kwa changarawe badala ya vigae vyeupe.

Chuma kisichoshika kutu, stenlesi kwa lugha ya mafundi, nacho hushika kutu kikitendewa vibaya. Adui yake mkubwa ni vumbi la chuma cha kawaida. Fundi akitumia grainda ile ile aliyosugulia chuma cheusi, chembe ndogo hujichomeka kwenye uso unaong'aa na baada ya mvua mbili tatu unaona vidoa vya kahawia. Ndiyo maana karakana makini hutenga banda zima, meza na diski za stenlesi peke yake, na karibu na bahari huagiza stenlesi ya daraja la 316, inayostahimili chumvi zaidi, badala ya 304.

Shaba nyeusi huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kipande kwa kipande, kwa ukuta wa milimita kama 5 au 6. Ikipoa inasinyaa kwa asilimia 1.5 hadi 2, hivyo umbo la awali lazima litengenezwe kubwa zaidi. Kwa sanamu ya mita 6 hiyo ni tofauti ya sentimita 9 au zaidi. Alumini ni nyepesi lakini inatanuka sana juani. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ndicho cha bei nafuu siku ya kwanza, na mara nyingi ndicho ghali zaidi baada ya miaka 30.

Kuhusu kuchovya chuma kwenye zinki: ni kinga nzuri chini ya rangi, lakini zinki iliyoyeyuka ina joto la karibu nyuzi 450. Umbo lenye uvungu uliozibwa kabisa, likiwa na unyevu ndani, linaweza kulipuka humo. Lazima liwe na matundu ya kupumulia, na msanii aambiwe mapema yatakuwa wapi, maana akiyaona kwa mara ya kwanza siku ya kukabidhiwa atadhani ni uharibifu.

Kuna sheria moja isiyosamehe: metali mbili tofauti zikigusana na kukiwa na maji, moja inaila nyingine. Wajenzi wa Sanamu ya Uhuru walilijua, wakaweka asbesto iliyoloweshwa kwa shelaki kati ya ngozi ya shaba nyekundu na mataruma ya chuma yaliyoishika. Kinga hiyo ilichakaa, chuma kikashika kutu, kikavimba na kung'oa ribiti. Katika ukarabati uliokamilika mwaka 1986, mataruma hayo yalibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu, yakatengwa na shaba kwa utepe wa tefloni. Kosa dogo la aina hiyo hutokea kila siku: sanamu ya alumini inafungwa kwa boliti za kawaida, bila washa ya plastiki wala kikopo cha kutenganisha.

Ndani ya karakana

Tuusogelee mshono mmoja. Mabamba mawili yenye unene wa milimita 10 yamelazwa yakikaribiana, kingo zake zimesagwa kwa mshazari ili zikikutana zifanye mfereji wa herufi V. Kati yake fundi ameacha upenyo wa milimita mbili tatu. Anashika kwanza kwa madoa mafupi ya moto, doa moja kila baada ya kitambo, yaani kama mshonaji anavyobana kitambaa kwa pini. Kisha anaujaza mfereji kwa tabaka.

Chuma kilichoyeyuka kikipoa kinasinyaa na kuvuta vyote vilivyo kando yake. Mshono mmoja unaweza kula milimita 1 hadi 3. Mwili wenye mishono 10 mfululizo unaweza kupungua sentimita 1 hadi 3, na kama fundi amechomelea upande mmoja tu, bamba linajikunja kuelekea alikokuwa. Uso uliopaswa kuwa bapa unakuwa na tumbo. Kwenye tangi la maji hakuna atakayeliona tumbo hilo. Kwenye sanamu iliyong'arishwa kama kioo, jengo lililo ng'ambo ya barabara litaonekana limevunjika kiuno.

Hapo ndipo karakana ya sanaa inapotofautiana na kiwanda cha matangi. Fundi anaruka huku na huku badala ya kwenda moja kwa moja: sentimita 15 hapa, nyingine upande wa pili, anarudi nyuma, anasubiri kipoe. Anaacha ziada ya vipimo akijua itasinyaa. Anabana kazi kwenye fremu nzito. Baada ya hapo anasawazisha kwa moto na maji, kazi inayofanywa kwa jicho na kiganja kuliko kwa kipimo. Mchomeleaji hodari wa mabomba si lazima awe hodari wa hili.

Cloud Gate ya Anish Kapoor huko Chicago, ile inayofanana na haragwe la zebaki, ina mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu, na mishono yake ikiunganishwa mwanzo hadi mwisho inafika kama mita 744. Mishono yote hiyo ilisagwa na kung'arishwa kwa hatua tano, kuanzia diski korofi ya namba 40 hadi unga laini wa kung'arishia, mpaka jicho likashindwa kuona inapopita. Watu waliiona ikiwa na mistari yake mwaka 2004. Ilizinduliwa rasmi tarehe 15 Mei 2006. Makadirio ya awali ya dola milioni 6 yalifika milioni 23. Fedha hizo haziko kwenye uzito wa chuma. Ziko kwenye saa za watu waliopiga magoti na misasa.

Uzito nao ulileta shughuli. Ilikadiriwa kuwa chini ya tani 60, ikafika tani 100 hivi. Kwa kuwa imekaa juu ya mgahawa na maegesho ya magari, wahandisi walilazimika kuimarisha miundo ya chini yake. Ndani, ngozi haikufungwa kikakamavu kwenye kiunzi. Viungio vyake vinairuhusu isogee. Chuma hicho kikiwa na urefu wa mita 20 na joto likipanda nyuzi 40, kinarefuka kama milimita 13. Ukikizuia, kitajipinda chenyewe au kitapasua mshono.

Kiwanda cha Lippincott, kilichofunguliwa North Haven, Connecticut, mwaka 1966 kikifanya kazi za wasanii tu, kilikuwa na desturi ninayoona ni ya hekima: sanamu ilijengwa nzima kwa wakati mmoja, haikukatwa sehemu sehemu za kumalizwa moja baada ya nyingine. Msanii aliweza kutembea kuizunguka na kusema shingo hii ni nene, ikakatwa kabla mambo hayajapita. Claes Oldenburg, Barnett Newman na Louise Nevelson walifanya kazi huko.

Siku ya kreni

Sanamu hugawanywa kulingana na barabara, madaraja ya juu na uwezo wa kreni, na mgawanyo huo uamuliwe kwenye michoro, si uani. Mpango wa kwanza wa Cloud Gate ulikuwa kuiunda nzima Oakland, California, na kuisafirisha kwa meli kupitia Mfereji wa Panama. Ulionekana wa hatari mno, na mabamba yakasafirishwa kwa malori kwenda kuunganishwa Chicago. Sanamu ya Picasso, kwa upande wake, iliunganishwa kwanza kwa majaribio kiwandani Gary, Indiana, ikafunguliwa, ndipo ikapelekwa mjini. Jaribio la aina hiyo ni ghali na halina picha nzuri za kuonyesha wafadhili, lakini tundu lisilolingana likigundulika kiwandani linarekebishwa kwa saa moja. Likigundulika kreni ikiwa imenyanyua tani 40 hewani, barabara imefungwa na polisi wanatazama saa zao, ni habari nyingine.

Kosa linalojirudia zaidi ni boliti za msingi. Aliyemwaga zege ni mkandarasi mmoja, aliyetoboa bamba la kitako ni mwingine. Boliti zikisogea sentimita moja wakati zege linashindiliwa, bamba haliingii. Kinga yake ni kigezo cha chuma: kiwanda kinatoboa bamba jembamba kwa matundu yale yale ya kitako, kinalipeleka kwa mkandarasi, naye anazifunga boliti humo kabla ya kumwaga. Sanamu ikishatua inasawazishwa kwa nati za chini kwa kutumia timazi na pimamaji, kisha upenyo uliobaki unajazwa saruji maalumu isiyosinyaa.

Pete za kunyanyulia nazo zihesabiwe tangu mwanzo, juu ya kitovu cha uzito. Kitovu hicho kwenye umbo lisilo na ulinganifu hakikisiwi kwa macho. Mwaka 1971, wakati wa kusimamisha kazi ya Richard Serra mjini Minneapolis, bamba la chuma lilianguka na kumuua mfanyakazi. Chuma kilichosimama wima kina hatari ndogo zaidi kikishafungwa sawasawa. Hatari kubwa iko katika dakika zile kabla hakijafungwa.

Ni ya nani?

Mkataba mzuri hutaja mambo ambayo hakuna anayependa kuyazungumza wakati wa furaha: nani anaidhinisha sampuli ya rangi au mng'aro, na kwa saini gani, nani analipa msanii akibadili mawazo chuma kikiwa kimekatwa, kalibu na mafaili ya kompyuta yanabaki kwa nani, na malipo yanatoka kwa hatua zipi. Sampuli iwe kipande halisi cha chuma, walau sentimita 30 kwa 30, kilichowekwa saini nyuma na kuhifadhiwa na pande zote mbili. Neno "nyekundu" kwenye barua halimlindi mtu yeyote.

Kununua sanamu si lazima kuwe kununua hakimiliki yake. Na inaweza kupotea kizembe: mwaka 1970 mahakama ya Marekani iliamua kwamba sanamu ile ya Picasso ya Chicago haina ulinzi wa hakimiliki, kwa kuwa modeli yake ilikuwa imetangazwa hadharani bila tangazo la hakimiliki lililotakiwa na sheria ya wakati huo. Picasso mwenyewe, ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani, alikataa malipo ya dola 100,000 akaitoa kazi hiyo kuwa zawadi kwa jiji. Hakuigusa. Waliochomelea walikuwa wajenzi wa madaraja. Lakini umbo walilolifuata ni lile ambalo modeli yake iliagiza, na hilo ndilo jibu la swali la kibao.

Kitu cha mwisho ambacho karakana inapaswa kukabidhi ni daftari la matunzo: aina ya rangi na namba yake, nguvu ya kukazia kila boliti, lini mlango wa ukaguzi ufunguliwe na nani aingie. Wengi hulipokea, hulifungia kabatini na kulitafuta baada ya miaka kumi, michirizi ikishatokea. Pale Chicago hawana anasa hiyo, kwa sababu kila mgeni anataka kuligusa haragwe la Cloud Gate. Sehemu yake ya chini, kufikia kama mita 1.8, hupanguswa kwa mkono mara mbili kwa siku. Mara mbili kwa mwaka huoshwa yote, kwa takriban lita 150 za sabuni ya maji.